Jiko la Adhuhuri

Nyuki-ramani elfu tatu, mashine za kupima ardhi, waliruka juu ya Bonde la Kimbute, kila mmoja mdogo kama kokwa ya embe. Chai ya Mkurugenzi Haule haijapoa, walikuwa wamekwisha kulipima bonde zima: miteremko, udongo, kina cha mto. Nyumba yenye watu waliitambua kwa joto la jiko. Joto la miili hawakulijali, maana kutoka juu mtu na mbuzi ni mamoja.

Ramani ikatokea ukutani. Nyumba zilikuwapo, watu hakuna.

"Bonde limehamwa," alisema Haule. "Kesho alasiri tunafunga lango la bwawa, maji yajae."

Dakta Mwasiti Kilindo, mwanajiografia wa mradi, aliisogelea ramani.

"Nyuki wameruka saa ngapi?"

"Adhuhuri, kama kawaida. Wanakula jua."

"Huu ni mwezi wa Ramadhani, Mkurugenzi. Kimbute nzima imefunga. Nani atainjika chungu adhuhuri? Hata watoto wanakula kiporo cha daku. Kuna mtu yeyote aliyeshuka kuwauliza?"

"Mahojiano ni mambo ya kale. Watu husema uongo, joto halisemi. Niletee joto, nitasimamisha."

Kesho yake Mwasiti alishuka bondeni akimlaani Haule njia nzima. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Zamda, mjane aliyezaliwa palepale. Akamwamkia, akamweleza.

Bi Zamda aligeuka kulitazama jiko lake lililopoa.

"Yaani niwashe moto mchana, na swaumu yangu, ili mdudu ajue ninaishi?"

"Ndiyo, Bibi. Unisamehe."

"Na chunguni nitie nini?"

"Maji tu."

Habari ikapita nyumba kwa nyumba. Adhuhuri ilipofika, wanawake wenye midomo mikavu walipuliza kuni kwa kiu yao, wakichemsha maji ambayo hawangeyanywa. Nyuki wakapita.

"Sasa wapo," Haule alisema redioni. "Unaona? Mashine haikosei."

"Walikuwapo jana. Walikuwapo kabla hujazaliwa."

"Punguza hasira, Dakta. Lango nimelisimamisha. Nyuki wataruka tena kesho kuhakiki."

Mwasiti aliizima redio kwa nguvu, kitufe kikang'oka. Bi Zamda alikuwa amesikia yote. Alifuta macho yaliyowashwa na moshi, akayamwaga maji ya moto uani.

"Kwa hiyo kesho tuwashe tena," alisema. "Na kesho kutwa, mwanangu?"

Mwasiti aliinama, akaanza kuzitoa kuni zilizobaki jikoni, ziwafae kwa futari.