Kadi Bila Chanjo

Ijumaa, siku ya mapumziko katika nchi ya Kiarabu walikofanya kazi, baada ya ibada kanisani Mesaimeer, Peninah na mumewe Jeremiah walirudi nyumbani mtaa wa Abu Hamour. Peninah alipika chapati. Jeremiah alipambana na sanduku la safari. Lilikataa kufungika, akalikalia. Jirani yao Millicent, ambaye ni muuguzi, alikuja kula nao.

Daisy, mdogo wake Peninah, alikuwa anaolewa Barbados, kisiwa cha mbali huko Karibi. Zilibaki siku kumi na tano kufikia harusi. Mama yao alikuwa Kenya, na magoti hayakumruhusu kusafiri. Asipofika Peninah, Daisy angeolewa bila mtu wa kwao hata mmoja.

"Naondoka Alhamisi," Peninah alisema. "Nakaa na mama siku mbili, halafu Barbados."

"Karatasi ziko sawa?" Millicent aliuliza.

"Ziko. Pasipoti bado ina miaka mitatu. Tiketi ya kurudi iko, anwani ya Daisy iko. Mkenya haombi viza ya kule. Ile ya nchi ninayopitia nimeshapata."

"Hiyo ya kupitia wengi huisahau. Hongera! Na kadi ya homa ya manjano?"

Peninah akaitoa. Millicent akaisoma. "Ulidungwa lini?"

Peninah ni mlinzi wa geti. Hatishwi na mtu, lakini sindano humtoa jasho. "Sikudungwa," akakiri.

Jeremiah akakohoa. "Binamu yangu Ndirangu alitutumia hiyo kadi kutoka Nairobi. Si ni mhuri tu?"

"Shemeji, mhuri hauzuii ugonjwa," Millicent alisema bila ukali. "Homa ya manjano huenezwa na mbu, na inaua. Kenya ugonjwa huo upo. Kwa hivyo kisiwa kinataka chanjo kwa anayetoka huko. Kinalinda watu wake, na Daisy sasa ni mmoja wao. Ukishikwa na kadi ya uongo, unaweza kurudishwa palepale uwanja wa ndege."

Peninah akaanza kulia. "Basi nidungwe Jumapili, kliniki zikifunguliwa."

"Sawa, lakini kadi inaanza kukubalika siku kumi baada ya chanjo. Kwa tiketi hii utafika mapema mno."

"Sista, si uniandikie tarehe ya nyuma? Aki nakuomba."

Millicent akamshika mkono. Alimhurumia sana. "Hapana, dada. Hilo siwezi. Lakini hebu tuhesabu."

Wakahesabu kwa vidole. Akidungwa Jumapili, siku ya kumi ni Jumatano ya wiki ya harusi. Akifika Alhamisi, harusi ni Jumamosi.

"Inawezekana!" Jeremiah akaruka kutoka kwenye sanduku.

Kadi ya Ndirangu ikachanwa. Jeremiah alisogeza tiketi mbele siku nne. Peninah alimwomba bosi wake asogeze likizo, akakubaliwa. Jumapili alidungwa kliniki ya wasafiri, macho ameyafumba.

"Na wakati mwingine," Millicent alimwambia, "uliza ubalozi wa nchi unayoenda kabla ya kununua tiketi. Masharti hubadilika."

Alhamisi Peninah alifika Barbados. Afisa alitazama pasipoti, tiketi na anwani. Kisha akachukua kadi. Alihesabu siku polepole, akampitisha.

Jumamosi kanisa lilijaa jamaa za bwana harusi. Mchungaji akauliza, "Nani amemleta bibi harusi?"

Daisy aligeuka nyuma kwa wasiwasi. Peninah alikuwa ameshasimama.

"Ni sisi," alisema. "Watu wa kwao."