Karata ya Tano

Jua lilikuwa linazama Makongolosi Yusta alipofunika hotpoti ya ugali na samaki, akatandika kitambaa juu yake, na chini ya kitambaa akaficha karata. Kila jioni humpelekea Gwakisa chakula kibandani kwake, hatua chache kutoka kwenye duara, lile shimo wanaloshuka wachimbaji kutafuta dhahabu. Miezi miwili amempikia, amemnawisha mikono, amemwambia "karibu tena," na moyoni anamwombea kifo kibaya.

Gwakisa hakujua kwamba huyo mama lishe ni dada yake Anania.

Anania na Gwakisa walikuwa wamelichimba duara hilo pamoja, nusu kwa nusu, mpaka jioni moja walipokaa kucheza pokeri, dau likiwa duara zima. Walipofunua, karata zililingana. Huyu ana wafalme wawili, tisa, saba na nne. Yule vilevile. Gwakisa, mjanja wa kuzaliwa, akagonga meza. "Mimi nina mfalme wa shupaza. Shupaza ndiyo mkubwa. Nimekula!" Anania, aliyejifunza karata mwaka huohuo, akaamini. Kesho yake akashuka duarani kama kibarua. Mwezi haukuisha, udongo ukamfukia, na mpaka leo yumo humohumo. Nyumbani Iringa walirudishiwa begi lake: suruali mbili na karata.

Aliyemfumbua macho Yusta ni Habibu, muuza vitenge wa sokoni Iringa, mtu wa karata tangu ujana, aliposimuliwa mchezo ule kama Anania alivyoueleza kwa simu. "Nani kakwambia shupaza ni mkubwa? Jozi zikilingana, mnatazama karata za pembeni, mkianzia ya juu. Zote zikilingana, mnagawana nusu kwa nusu. Basi. Mdogo wako kaibiwa, dada."

Yusta hakulia. Alipanda basi hadi Chunya kwa mganga, na mganga akazifukizia zile karata usiku kucha. Akamrudishia na neno moja tu. "Wewe gawa, halafu kaa kimya. Atakayezifunua zako ni mwenyewe aliyeibiwa. Usiguse karata yake hata moja. Hata moja, umenisikia?"

Alisikia.

"Leo umechelewa, mama," Gwakisa alisema, akivuta hotpoti. Kitambaa kikateleza. Akaziona karata, akacheka. "He! Na wewe unacheza?"

"Najaribu."

"Dau lako nini?"

"Alichopoteza Anania." Yusta alikaa. "Nikishinda, unakilipa wewe. Nikishindwa, nakilipa mimi. Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Kicheko kilikatika. Bila shaka Gwakisa aliliwaza duara, kwa sababu akilini mwake hakuna kingine ambacho Anania alipoteza. Tena mwanamke wa jikoni angemshinda vipi?

"Gawa," akasema.

Yusta akagawa. Tano kwake Gwakisa. Tano mbele yake mwenyewe, kifudifudi. Kisha akaficha mikono chini ya kanga.

Gwakisa alifunua zake kwa mbwembwe. Mfalme wa shupaza. Mfalme wa uru. Tisa. Saba. Nne.

Mbwembwe zikamwishia.

"Hizi..." alinong'ona. "Hizi nilishawahi kuzipata."

Nje, kamba ya duara ilianza kulia. Kwiii... kwiii... Mtu alikuwa anapanda. Lakini vibarua wote walishaondoka.

Harufu ya udongo mbichi ikaingia.

Karata ya kwanza ya Yusta ikajiinua ukingo, taratibu, ikageuka. Mfalme wa kopa. Juu yake palibaki alama ya kidole chenye matope. Ya pili ikageuka. Mfalme wa pau. Kisha tisa. Kisha saba...

Ikabaki moja.

Yusta alihisi pumzi shingoni, baridi, yenye vumbi. Hakugeuka. Alitaka kulia kwa furaha. Kumbe mdogo wake amekuja!

Karata ya tano ilianza kuinuka. Polepole mno. Ikatulia. Ikainuka tena kidogo.

Gwakisa alikuwa anatetemeka, lakini tamaa haitetemeki. "Hata ikiwa nne," alisema, "shupaza ndiyo mkubwa. Nilimwambia hivyohivyo mdogo wako. Akakubali, mjinga yule."

Mjinga.

Damu ikampanda Yusta kichwani. Mkono ukachomoka kwenye kanga kabla hajaukataza, ukaifunua karata na kuibamiza mezani.

Nne.

"Shupaza haina ukubwa wowote!" alipiga kelele. "Zimelingana! Tunagawana nusu kwa nusu!"

Halafu nyuma ya sikio lake, sauti aliyoilea tangu ikiwa ya kitoto.

"Dada... kwa nini umegusa?"

Kamba ikalia tena, safari hii ikishuka. Gwakisa akaanguka kutoka kwenye kiti, mdomo umepinda, jicho la kushoto limekodoka. Mkono wa kushoto ukalala sakafuni, na katika kucha zake tano kulikuwa na udongo mwekundu.

Hospitali walisema ni kiharusi. Mtu wa makamo, presha, mambo ya kawaida. Upande mmoja wake uko hai. Mwingine, anayemwogesha anasema, una harufu ya shimoni.

Yusta alirudi Iringa. Siku ya tatu alikuwa anafua uani, maji ya baridi ya asubuhi, akashangaa kwamba mkono wa kushoto tu ndio unaosikia baridi. Akautoa ule wa kulia kwenye beseni. Alikuwa ameusugua kwa sabuni muda wote huo, lakini kucha zilikuwa na udongo mwekundu.

Akaenda chumbani akiburuta mguu. Akaitoa ile karata ya tano kwenye begi la Anania, aliyoifunua yeye mwenyewe, aliyoiona kwa macho yake ikiwa nne.

Ilikuwa sita.

Mdogo wake alikuwa ameshashinda, kabla yeye hajaigusa.