Mutesi na Kilo Ishirini

Sulaiman ni fundi cherehani wa mtaa wa Mbugangari. Anashona kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mkewe, Mukandutiye, anauza sambusa hapo hapo. Wateja wanakuja kununua sambusa, halafu wanakumbuka kwamba suruali zao zimepasuka. Kwa hiyo kibaraza hakikosi watu wala maneno.

Binti yao, Mutesi, ana miaka ishirini. Kila asubuhi alikuwa akitoka na mfuko mgongoni, akipanda na kushuka barabara ya Nyamyumba. Alisema ni mazoezi tu.

Siku moja mama alimwona akivua koti kwa shida. Mabega yake yalikuwa na vidonda.

"We! Iko nini ndani ya ile mufuko?"

"Mawe, mama. Kilo ishirini."

"Mawe? Unajenga wapi?"

Mutesi akakaa chini na kusema ukweli. Mwaka uliopita alikwenda kujaribu kuingia jeshini. Alitaka kuwa askari wa miguu, wa kupigana mstari wa mbele. Mbio alishinda. Lakini siku ya kutembea na mzigo alianguka njiani, akarudishwa. Wazazi walidhani yuko kwa shangazi yake anayeishi Mahoko.

Sulaiman akasimamisha cherehani.

"Jeshi si mubaya," alisema. "Wasichana wako kule kwa ofisi, wako kwa hospitali. Lakini kupigana ni kazi ya wanaume. Mi sikubali. Na mwili yako imeshasema."

Mchana huo jirani yao, sajenti Illuminée, alikuja kuchukua sketi yake. Alikuwa likizoni.

"Sajenti, nisaidie na huyu mutoto," Sulaiman alimwambia. "Mwambie aombe kazi ya ofisi, kama yako."

Illuminée alicheka. "Ofisi gani, Baba Mutesi? Mi ni askari wa miguu, mwaka wa kumi na tatu huu. Naongoza watu kumi wenye bunduki. Tisa ni wanaume."

Miaka yote Sulaiman alidhani jirani yake anaandika barua ofisini.

Mukandutiye alimletea mgeni kiti na sambusa mbili. Illuminée akatazama mabega ya Mutesi, kisha akainua ule mfuko.

"Bon. Ulianza na kilo ngapi?"

"Ishirini. Kila siku."

"Na unakula nini mbele ya kutoka?"

"Sikuli kitu. Nataka kuwa mwepesi."

"Donc, kumbe unajiumiza mwenyewe. Sikia. Anza na kilo tano. Kila juma ongeza moja ao mbili. Siku mbili pumuzika, kwa sababu mwili unajenga nguvu ukipumuzika. Kula maharagi, mboga za majani, samaki wadogo wa sambaza. Sisi wanamuke tunapoteza damu kila mwezi, chakula ndiyo inairudisha. Ukisikia kizunguzungu, enda kituo cha afya." Akaupiga mfuko kwa kiganja. "Na hii ni ya mugongo murefu wa mwanaume. Mufuko inafaa kukaa juu, mukanda wa kiuno ubebe uzito kwa nyonga."

"Basi kule wamupunguzie kilo," alisema Mukandutiye.

"Hapana, mama. Mutihani ni moja kwa wote. Mwenzako akijeruhiwa na unamubeba, hawezi kuwa mwepesi kwa sababu we ni mwanamuke. Tunaomba vifaa vyenye kutuenea, na tusifungiwe mulango mbele ya kujaribu."

"Na heshima yake, kati ya wanaume wote wale?" Sulaiman aliuliza.

"Tunalala sehemu yetu. Mutu akimusumbua, asinyamaze. Aseme kwa mukubwa wake. Huyo asiposikia, apande kwa mukubwa wa juu. Mi nilisema, na yule mutu akaazibiwa."

Sulaiman alishusha sauti. "Na akikufa?"

Illuminée aliweka sambusa chini. "Siwezi kukudanganya. Kazi yetu iko na kifo. Lakini wale vijana wa kiume nao wako na baba zao."

Sulaiman akachukua futi yake ya kupimia.

"Mutesi, geuka."

Akampima kutoka shingoni mpaka kwenye nyonga. Jioni hiyo alifumua mfuko wote. Akaufupisha, akatia vitambaa laini kwenye mikanda ya mabega, akashona mkanda mpana wa kiuno.

Mutesi alifanya mazoezi miezi minne. Alikula, akapumzika, akaongeza kilo polepole. Mabega yalipona. Alipokwenda tena, alimaliza safari ya mzigo akiwa kati ya watu wa kwanza, akachukuliwa.

Siku ya gwaride la kumaliza mafunzo, wazazi wake walikwenda. Pembeni yao alikaa mzee mmoja.

"Wako ni nani?" mzee aliuliza.

"Ule wa tatu, mwenye bunduki kubwa," Sulaiman alijibu.

"Lakini ule ni musichana!"

"Ndiyo. Ni wangu."

Baada ya gwaride, kijana wa yule mzee, aitwaye Kalisa, alikuja akichechemea kidogo. Alipomwona Sulaiman akiwa na Mutesi, akamshika Sulaiman mkono kwa mikono miwili.

"Muzee, we ndiye baba yake? Juma lililopita niliteguka mguu kwa mulima. Huyu alibeba muzigo yangu juu ya yake mpaka kambini."

Yule mzee akamgeukia Mutesi, akavua kofia.

"Asante, mutoto wangu," alisema.

Sulaiman alifuta macho kwa kiganja. Mukandutiye akampa leso.