Mshenga Kwenye Runinga ya Ofisi

Najiat alimfahamu Mustafa kwa kumwagiwa asali. Ilikuwa stendi ya mabasi Tabora, watu wanasukumana, dumu ambalo Mustafa alitoka nalo kijijini Sikonge likapasukia kwenye baibui jipya la kutarizi la Najiat.

"Dada, nisamehe! Nitalifua mwenyewe."

"Ulifue, umekuwa mama yangu?"

Mwaka mzima wakapigiana simu. Najiat akaitwa "nyuki wangu", Mustafa akaitwa "mharibifu". Mwishowe Mustafa akaahidi: Jumapili mshenga atafika. Shangazi yake Najiat akavaa doti mpya ya khanga, akakaa barazani mpaka jua likazama. Hakutokea hata mtu wa kuuliza njia. Pilau wakala majirani. Najiat akaizuia namba ya Mustafa, akamwambia shangazi kwamba Jumamosi wakija watu wa mfanyabiashara mmoja wa tumbaku wa Urambo, aliyekuwa akimtaka siku nyingi, wakubaliwe.

Jumatano Mustafa akaingia ofisini kwa akina Najiat, wanunuzi wa asali, shati limenyooka kwa pasi, kuonyesha picha za mizinga. Pale hawakutumia waya. Simu ikishaingia mtandao wa ofisi, Najiat huiunganisha na runinga ya ukutani, na kila kilichomo kikaonekana.

"Lete simu."

"Najiat, nisikilize..."

"Nimesema simu."

Picha zikaisha, chai ikaletwa. Mustafa akachukua simu yake, akatoka kwenda uani. Hakukumbuka kuikata na runinga. Mara ukutani ikatokea sura ya mzee, midomo imevimba kama maandazi, jicho moja limefumba.

"Yesu na Maria!" Flavia wa mapokezi akamwaga chai.

Chini ya picha maneno yakaanza kuingia.

"Mpwa wangu, uvimbe umepungua. Sasa naongea kidogo."

"Mjomba Mabruki, nani alikutuma kurina asali asubuhi ya posa?"

"Niende ukweni mikono mitupu? Nyuki wakaniwahi. Mshenga bila mdomo angesema nini?"

"Najiat kanifungia simu, sijaweza kumweleza. Hapa hata kunitazama hataki. Nampenda, mjomba. Hata akinifokea nasikia raha."

Meneja, Bwana Erasmus, akakohoa. "Najiat, zima. Hayo si ya ofisi."

"Bosi, subiri kidogo!" Flavia akamshika mkono.

Rimoti ilikuwa kwa Najiat. Akaiweka mezani, akaifungulia namba ya Mustafa, akaandika. Mustafa alipoufungua ujumbe kule nje, ukajaa ukutani:

"Mjomba aje Ijumaa, hata kama hana mdomo. Urambo nitawaambia wasihangaike. Na ukate runinga, mharibifu, ofisi nzima inakusoma."

Vigelegele vya Flavia vikatoka dirishani. Uani Mustafa akashika kichwa, akazunguka, akataka kukimbia, akarudi. Halafu, badala ya kukata, akaandika:

"Basi Ijumaa vaa baibui la zamani. Nabeba dumu."