Skrubu Zilizojikaza

Vistari vya rangi vilikuwa vimekatika, na hilo peke yake lisingemtisha fundi yeyote. Kila mwezi fundi umeme wa kiwanda kile cha mikate alizima swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme, akapangusa vumbi la unga, kisha akakaza skrubu za viunganishi moja baada ya nyingine, kwa kiasi, maana ukikaza mno unaukata waya. Mwisho alichukua rangi ya kucha ya mkewe akachora kistari kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kiunganishi. Skrubu ikilegezwa na joto na mtikisiko, kistari hukatika, nawe unajua mapema.

Asubuhi hiyo vistari vyote sitini vilikuwa vimekatika kwa upande wa kukaza. Skrubu hulegea zenyewe. Hajazaliwa aliyeiona moja ikijikaza. Na chumba kilinuka plastiki inayoungua, ilhali moto uliowahi kuwaka humo ulizimwa miezi mitatu nyuma.

Moto huo ndio uliomuua Mrefu, fundi mwenzake. Watu walisema ajali. Fundi alijua kwamba jioni ile yeye mwenyewe alikuwa na haraka ya kuwahi mpira, akaacha skrubu moja bila kuikaza, ikashika joto mpaka ikawaka, Mrefu akiwa ndani. Hakumwambia mtu. Aliinama tu juu ya majivu akanong'ona, "Kuanzia leo hakitalegea kitu mikononi mwangu." Mpumbavu! Mtu hali kiapo mahali alipofia mwenzake, maana hajui nani atamwitikia.

Nyumbani, mkewe alianza kwa utani.

"Mume wangu, hii chupa ya chumvi unamfungia nani? Nimeihangaikia mpaka viganja vinawaka."

Fundi alicheka kwa meno tu. Hakuwa ameigusa chupa hiyo. Kesho yake bomba la jikoni likagoma kufunguka, keshokutwa dirisha.

Jumamosi mchana, wamekaa sebuleni, wakasikia *krr*. Sauti ndogo, robo mzunguko. Ilitoka kwenye bawaba za mlango.

"Umesikia?" mke akanong'ona.

"Nyamaza."

*Krr*, tena kwenye kitasa, tena kwenye nondo za madirisha, ikizunguka chumba taratibu kama mtu anayekagua kazi yake, na kila ilipopita ile harufu ya plastiki ilizidi, na fundi akauvuta mlango kwa mikono miwili, akaegemeza mguu ukutani, akavuta mpaka kitasa kikamchubua, na mlango ukakaa kimya kana kwamba umejengewa ndani ya ukuta.

Mjane wa Mrefu, jirani yao wa ukuta mmoja, alisikia vishindo, akaona mlango haufunguki hata kwa nje, akakimbia kumleta mganga, bibi mmoja mwenye sauti kavu. Majirani walipiga nyundo, wakachoka. Bibi akaweka sikio mlangoni.

"Hiki kitu hakikuja chenyewe, mwanangu. Kuna neno umelificha, nacho kinakulindia. Litamke kwa mdomo wako, huyu mama alisikie, kitaondoka."

"Shemeji," mjane akaita, "ni neno gani? Sema tu, sisi ni ndugu."

Fundi alitazama chini. Aliiona kazi ikipotea, aliwaona polisi, akawaona watoto wa Mrefu wanaomwita baba mdogo.

"Mrefu mwenyewe," akasema, "ndiye aliyeacha skrubu imelegea."

*Krr.*

Mkewe akaketi sakafuni ghafla, mkono kifuani. "Kinanibana," alisema. "Mume wangu, pumzi haiingii."

"Muongo!" bibi akafoka kule nje. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Harakisha!"

Alimkumbatia mkewe akahisi mbavu zikisogeleana chini ya viganja vyake, kidogo kidogo, na midomo ya yule mwanamke aliyempenda kuliko nafsi yake ikabadilika rangi, na hapo kazi na polisi na aibu vyote vikawa takataka, akageukia mlango, akajaza kifua hewa ili apige kelele kwamba ni yeye, ni yeye aliyemuua Mrefu, akasikia *krr* chini ya sikio la kulia, kisha la kushoto, na meno yake yakakutana yasiachane tena.

"Sema, shemeji," mjane alisihi nje. "Tunakusikiliza."