Kamera Ilipoona Sura ya Pili

Kamera ya zamani iliweka kiboksi cha kijani, kile cha kutambua sura, usoni kwa Raudha, kama inavyotakiwa. Ile mpya, ya kuazima, ilikiweka pembeni yake, kwenye hewa tupu chini ya mkorosho.

"Software hiyo," Shija alinung'unika. "Bei yote ile, akili ya kuku."

Walikuwa Masaki. Si ile ya mabalozi. Hii ya Kisarawe, ya mihogo na mkaa, nyumbani kwa shangazi yake Raudha. Producer mmoja wa Kibaha alitaka test: mtu mmoja, mwanga mmoja, kamera mbili, aone ipi ina picha safi. Atakayemridhisha anapewa tamthilia. Shija ana degree ya filamu, first class kabisa, na tangu agraduate nchi hii imempa kazi moja tu: kusubiri. Anayemlisha ni mkewe huyu, Raudha, kwa vitumbua vya alfajiri. Hana mtu mwingine duniani.

"Msukuma, fanya haraka," Raudha alisema. "Nani anafukiza udi mchana huu?"

"Shangazi yako huyo. Tulia." Akainamia kioo cha kamera mpya. "Haya, sogea mbele. Njoo, njoo tena, usiogope."

Raudha hakusogea, jua lilimuumiza macho. Kiboksi kikasogea.

"Shija," alinong'ona, "nani ananipumulia shingoni?"

Shija akainua macho, na wadudu wote wa shamba wakanyamaza kwa pamoja kama waliozimwa kwa swichi, na harufu ya udi ikazidi, na pale chini ya mkorosho, si kwenye kioo tena bali mbele ya macho yake mawili, akawaona Raudha wawili bega kwa bega, dera lile lile, ushungi ule ule, midomo ikitamka kwa wakati mmoja, "Shija, mimi hapa."

Bi Hamisa, yule shangazi, akatoka mbio na chetezo.

"Umeita bila jina! Huku ukiita bila jina, anaitika yeyote anayesikia. Mkeo hakukwambia?"

"Aliniambia, shangazi. Nikacheka."

"Basi mshike mkono, umtaje yeye na baba yake. Aliyeita ndiye anayechagua. Ukikosea, anaondoka wetu."

Mmoja alikuwa kivulini, anatetemeka, jasho na machozi vimemchafua sura nzima. Wa pili alionekana safi, kila unywele wa nyusi, hakuna hata chenga moja. Miaka mitatu chuo walimfundisha Shija kuchagua picha, na jicho likachagua kabla ya moyo.

"Raudha binti Abdala," akasema, akaushika mkono ulio safi.

Ulikuwa mkavu kama karatasi.

Yule wa kivulini akafungua mdomo, sauti isitoke. Akafifia kuanzia miguuni, macho yakawa ya mwisho kuondoka.

Bi Hamisa akadondosha chetezo, akakaa mchangani, akajifunika kanga kichwani na kuanza kilio kile cha kuita majirani. Aliyebaki akachuchumaa, akampapasa mgongo kwa upole.

"Shangazi," akauliza, "nani kafa?"