Miguu ya Mwali

Kila alfajiri Mwamini alikwenda kuteka maji kwenye kisima cha mbali, ng'ambo ya mashamba ya mihogo. Bondeni karibu na nyumba yake palikuwa na kisima kizuri. Watu wote wa kijiji chao, huko Msimbu, walikunywa maji yake. Mwamini hakuyanywa. Hata akikaribishwa maji kwa jirani, aliuliza kwanza, "Ya wapi haya?" Majirani walijua sababu. Hawakumcheka.

Sababu ilikuwa binti yake mkubwa, Mwanamkuu. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, kama ilivyo desturi ya Wazaramo. Alikaa ndani muda mrefu. Hakulima, hakutwanga, hakubeba maji. Aliketi akisuka ukili. Siku ya kutolewa alikuwa amenawiri. Watu walimbeba mabegani wakiimba.

Siku chache baadaye alikwenda kisimani. Alijaza mtungi, akaanza kupanda kutoka bondeni. Katikati ya njia magoti yalilegea. Alianguka, kichwa kikapiga jiwe. Hakuamka tena.

"Kijicho hicho," watu walisema.

Sasa mdogo wa Mwanamkuu, Siwema, alikuwa ndani. Siku yake ya kutoka ilikuwa baada ya mavuno ya mpunga. Asubuhi moja Mwamini alimpelekea uji. Siwema alisimama kuupokea. Miguu ikatetemeka, akashika ukuta.

"Si kitu, mama. Kizunguzungu tu."

Mwamini aliweka bakuli chini. Alitoka nje, akajifuta macho kwa upande wa kanga.

Shemeji yake, Mwinjuma, alikuwa anapita. Wakati wa vita alifanya kazi katika hospitali ya askari. Aliwafanyisha mazoezi majeruhi waliolala kitandani kwa miezi.

"Shemeji, moshi umekuingia machoni?" aliuliza.

"Natamani ungekuwa moshi. Siwema anatetemeka miguu. Kijicho kimerudi."

Mwinjuma aliacha utani. Alikaa chini taratibu.

"Shemeji, nimeona wanaume wenye vifua kama milango. Wakilala miezi miwili, hawawezi kusimama. Nani aliwaonea kijicho? Msuli usiofanya kazi hupungua. Paja hupungua, shavu la mguu hupungua. Moyo nao ni msuli. Ukizoea kukaa tu, siku ya mlima unachoka upesi."

Mwamini aligeuka, akatazama bondeni.

"Basi mwanangu Mwanamkuu..."

"Alipewa mtungi uliojaa kabla miguu yake haijawa tayari. Hakuna aliyejua. Mlimtunza kwa mapenzi."

Mwamini alilia. Mwinjuma hakumwambia anyamaze. Alingoja.

"Mimi siwezi kumwona mwali," Mwinjuma alisema baadaye. "Lakini nikikufundisha wewe mazoezi, utamfundisha yeye."

Kungwi, bibi aliyemlea mwali, aliposikia habari hiyo alikuja juu.

"Mwali anarukishwa kama askari? Mtampa na bunduki?"

"Harukishwi, bibi," Mwamini alijibu. "Atasimama na kuketi. Humo humo ndani. Mimi nimeshazika mmoja."

Kungwi alitazama chini. Kisha akasema, "Haya. Nitamshika mkono mimi."

Jioni ile Zahoro, baba yake Siwema, alichimbia nguzo imara chumbani, mwali akiwa amehamishiwa chumba cha kungwi. Tangu msiba, Zahoro hakuwa mtu wa maneno.

Siwema alishika nguzo. Aliketi kwenye kigoda, akasimama polepole. Aliinua visigino, akavishusha. Kungwi alimsemesha wakati wote.

"Jibu! Ukishindwa kusema, pumzika. Ndivyo alivyosema yule askari wetu."

Kesho yake Siwema alilalamika. "Mapaja yanauma, mama!"

Mwamini alikimbia kwa Mwinjuma.

"Maumivu ya msuli uliofanya kazi hupita," Mwinjuma alimwambia. "Leo apumzike. Msuli hujijenga mtu akipumzika na akila. Mpe kunde, mpe samaki. Lakini goti likichoma au likivimba, acheni kabisa. Na kifua kikimbana, mpelekeni kwa mganga wa zahanati Maneromango."

Baadaye Siwema alitembea uani, ndani ya ua wa makuti, jua la asubuhi likimpata. Kisha alibeba mtungi mtupu. Kisha wenye maji kidogo. Kila mzigo ulipokuwa mwepesi kwake, waliongeza kidogo tu.

Mpunga ulivunwa. Siwema alitolewa. Ngoma ilipigwa, akabebwa mabegani. Mwamini alicheza, lakini macho yake yalikuwa bondeni.

Siku ilifika ya kwenda kisimani. Mwamini alimfuata binti yake mpaka ukingo wa bonde, akashindwa kuendelea. Alisimama akishika kanga kifuani.

Siwema alijaza mtungi nusu, akaanza kupanda. Katikati ya njia, pale pale alipoangukia dada yake, palikuwa na gogo jipya. Lilichongwa vizuri juu, mtu aweze kuketi. Zahoro alikuwa ameliweka bila kumwambia mtu. Siwema alitua mtungi, akaketi. Alipumua mpaka kifua kikatulia. Alilishika lile jiwe kwa mkono.

Kisha akasimama, akajitwika, akamaliza mlima.

Mama yake alimfuata mpaka nyumbani. Alikwenda ndani, akatoka na kata. Aliichovya mtungini. Aliinua kata imejaa maji.

Hakuuliza ni ya wapi. Alikunywa yote.